Mwaka Tulipopewa Majina ya Wanyama

Kwenye karatasi ya mazishi ya Chepng'eno, ile inayochapishwa Bomet mjini ikiwa na picha ya rangi mbele na nyimbo nyuma, masomo yake yalipewa mstari mmoja: alisoma hadi darasa la saba. Waliandika watoto aliowazaa, kwaya aliyoiongoza, hata ng'ombe wa gredi aliowafuga, lakini kuhusu shule ni mstari huo tu, na hakuna aliyeuliza ilikuwaje msichana aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu akaishia la saba. Nilikuwa nimeketi chini ya hema pale Silibwet kwa mama yake, alikoomba azikwe, karatasi nimeikunja mara nne, mwendesha programu aliposema sasa tumkaribishe mwalimu wake wa zamani. Nikainua kichwa. Alikuwa Rono. Mzee sasa, suti ya kijivu, kofia mkononi, lakini shingo ni ile ile, na ile namna yake ya kuvuta hewa kabla ya kusema neno la Kiingereza. "I taught this lady," alisema. "Alikuwa mtoto wa adabu, mtulivu sana. Mpaka leo sijui ni nini kilimtoa shule." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nilijua ni nini. Na jina langu ndilo lililofuata kwenye programu: rafiki wa utotoni, dakika tano.

Sitaanza na wazazi wangu wala mahali nilipozaliwa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, wa tisini na nne, tulipokuwa darasa la saba katika shule ambayo sitaitaja, kwa sababu kuna watoto wanaosoma pale leo na hawana kosa. Darasa letu lilikuwa la mbao, na nyufa kati ya mbao tuliziziba kwa karatasi za madaftari ya mwaka uliopita. Mvua ya mawe ilikuja karibu kila alasiri, ikipiga mabati hadi mwalimu ananyamaza, nasi tunabaki kutazama ubao. Nyuma ya darasa kulikuwa na majani chai ya jirani, na wengi wetu tulifika shuleni tukiwa tumeshachuma tangu kupambazuke, vidole vyeusi kwa utomvu usiotoka hata ukisugua kwa mchanga. Vidole vya Chepng'eno ndivyo vilivyokuwa vyeusi kuliko vyote. Alinizidi miaka mitatu, maana alichelewa kuanza shule akilea wadogo zake, na magoti yake hayakuingia chini ya dawati letu, akakaa upande upande mwaka mzima. Nilikaa naye nyuma. Sehemu na desimali alizifanya kichwani wakati mimi bado natafuta kalamu. Baba yake hakuona faida ya shule kwa msichana wa umri ule. Ni mama yake aliyeshikilia, na alishikilia kwa meno.

Rono alitufundisha Kiingereza. Alikuwa na kamusi nene iliyotoka jalada, aliyoifunga kwa gazeti na gundi, na alitaka shule yetu isikike kwa Kiingereza kutoka pale mpaka Litein. Kila Jumatatu aliandika wanyama wawili upande wa kulia wa ubao, kisha maana nyingine za majina yao. Nakiri nilipenda. Sikujua kwamba Mwingereza humwita mpelelezi aliyejificha "mole", yaani fuko, wala kwamba mtu akiiga mwenzake kijinga wanasema "ape". Kondoo dume akawa kugonga kitu kwa nguvu. Nilinakili yote kwenye kurasa za mwisho za daftari, nikayasoma njiani nikienda nyumbani, nikijiona nimefunguliwa mlango wa nyumba ya watu wakubwa. Kisha wiki ya tatu au ya nne akaanza kutugawia. Mimi niliitwa "badger", mnyama wa kwao huko Ulaya anayekaribiana na nyegere, ambaye jina lake pia ni kumsumbua mtu kwa maswali bila kumpumzisha. Sikuumia. Hata nilijisikia kidogo, kwa sababu ni kweli niliuliza sana.

Jumatatu iliyofuata aliandika "cow". Maana ya kwanza, alisema, mnaijua nyote. Maana ya tatu ni kumtisha mtu mpaka ainamishe kichwa. Ya pili aliiacha ya mwisho, akaisoma polepole huku macho yakitembea kwenye madawati: mwanamke mkubwa, mzito, asiye na akili. "Chepng'eno, stand up." Ili asimame ilibidi asukume dawati, na dawati likapiga kelele sakafuni, na mvulana mmoja mbele akalia kama ng'ombe anayeita ndama. Darasa zima likacheka. Nitasema ukweli, na mimi nilicheka kidogo kabla sijaona uso wake. Tangu siku hiyo hakujibu swali hata moja bila ule mlio kutoka mbele, na Rono hakumkataza yeyote. Alitabasamu tu na kugeukia ubao.

Jikoni kwa mama yake ndiko nilikokula vizuri kuliko mahali popote. Ilikuwa nyumba ya mviringo, moto katikati, vibuyu vya maziwa vimening'inia ukutani, na harufu ya mkaa wa mti wa senetwet ambao alivisugulia ndani kabla ya kutia maziwa. Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na isagek zilizochemshwa kwa maziwa, mboga ile chungu ambayo wageni huikunjia uso, na Kibet, mdogo wake wa darasa la tatu, akatangaza mdomo ukiwa umejaa: "Mama, Mwalimu Rono amemwita Chepng'eno ng'ombe. Kwa Kiingereza." Mama yao akaacha kugeuza moto. "Mbele ya watu?" "Mbele ya darasa lote." Uso wa yule mama ukang'aa, na bado nauona. Alikuwa na ng'ombe watatu, kila mmoja ana jina lake, na kila asubuhi aliwaimbia akiwakamua. Kwetu mtu akikufananisha na ng'ombe amekuheshimu. Chepng'eno alijaribu kumweleza, akasema kwa Kiingereza si vizuri, na mama akacheka hadi akashika kifua. "Kuna watu duniani ambao ng'ombe kwao si kitu kizuri? Hao wanakunywa nini?" Chepng'eno alinitazama nimsaidie. Nilishusha macho kwenye sahani yangu. Sikupata namna ya kumwambia mwanamke mwenye furaha kiasi kile, tena aliyenipa chakula, kwamba mwanawe ametukanwa.

Kisha akauliza huyo mwalimu ni wa watu gani. Kibet alijua kwao, na baba ya Rono ni nani. Mama akapiga makofi. "Basi ni ndugu yangu! Mnyama wetu ni mmoja." Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Humuui, humtukani, na ukimtukana mbele ya wenyewe umewatukana wote pamoja na waliokufa. Mwanamke akiolewa huenda na mnyama wake, hamwachi kwao. Wa yule mama alikuwa kimagetiet, fisi. Alisema hivyo kwa fahari, mwiko mkononi, na mimi nikasikia na kukumbuka.

Siku ya Ijumaa, muda mfupi kabla ya mapumziko, alikuja shuleni. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani, na mikononi amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala, chenye shanga shingoni, kile kikubwa ambacho hufunguliwa kwa ajili ya wakwe. Alisimama mlangoni, akavua viatu, ingawa sakafu yetu ilikuwa ya vumbi. "Chamgei, Mwalimu," alisema, na akaendelea kwa Kikipsigis mahali ambapo sisi tulichapwa kwa kukisema. "Nimesikia neno ulilomwambia mtoto wangu mbele ya wenzake. Wengi wananiambia ninapoteza wakati kumsomesha. Wewe ndugu yangu umeona alivyo. Nimekuletea maziwa." Rono alimtazama, akatutazama sisi, na niliona akielewa. Angeweza kusema neno. Hata angesema asante mama, tutaongea ofisini. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakifungua, akanywa akiwa amesimama, muda mrefu, koo likipanda na kushuka, kisha akafuta midomo kwa leso. "Kongoi mising," alimshukuru. "Mtoto wako ni ng'ombe kweli." Na mbele ya darasa, huku mama amekwisha kugeuka akivaa viatu, mvulana yule akalia mlio wake. Mama aligeuka akacheka naye, akidhani ni furaha. Chepng'eno alikuwa amelaza uso juu ya dawati.

Mapumziko yale nilitumwa kupeleka madaftari kwenye chumba cha walimu. Mlango ulikuwa wazi kidogo na chai ilikuwa inamiminwa. "Ameniletea zawadi kwa kumtukana mtoto wake," Rono alikuwa anasema, sauti inakatika kwa kicheko. "Nikasema wacha ninywe. Si ni tamu?" Wenzake walicheka. Mwalimu Wanjiku peke yake, aliyetoka Mkoa wa Kati na ambaye duka la mumewe lilikuwa karibu na soko, alisema, "Lakini Mwalimu, huyo ni mzazi. Si ungemwambia tu?" Rono akamjibu, "Nimwambie nini, na ameshavua viatu?" Wakacheka tena. Kibuyu kilikuwa juu ya meza katikati ya vikombe, shanga zake zinaning'inia. Nilisimama pale na madaftari arobaini mikononi, na kitu kikaingia ndani yangu ambacho hakijatoka mpaka leo. Najua watu wengi huandika kumbukumbu kama hizi ili waseme wamesamehe. Mimi sikuja kusema hivyo.

Jumatatu dawati letu lilikuwa na nafasi, nikaweza kunyoosha miguu. Baada ya shule nilimkuta Chepng'eno kwenye majani chai yao, kikapu mgongoni, mikono inakimbia juu ya mimea, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kuangalia. Alisema amemwambia mama yake amechoka na shule. Mama amelia, baba amefurahi. "Mwambie ukweli," nilimsihi. "Akijua, atakwenda kumtoa yule mtu macho. Utarudi." Hakuacha kuchuma. "Nimwambie kwamba alimvulia viatu mtu anayemcheka? Afadhali aseme mimi ni mvivu. Na wewe, Chebet, usimwambie. Niapie." Nikamwapia, mkono wangu juu ya kikapu chake. Mwaka uliofuata aliolewa, hajatimiza hata kumi na saba.

Kitu nilichobaki nacho ni daftari. Nilipitia kurasa zile za mwisho mara nyingi muhula wa tatu, nikiwasoma wanyama wake wote kuanzia fuko hadi nyangumi, na siku moja nikaona aliyekosekana. Fisi hakuwemo. Mnyama ambaye kila mtoto wa upande wetu alikuwa amemsikia kutoka msitu wa Chepalungu, na katika Jumatatu zote zile Rono hakuwahi kumwandika. Ng'ombe wa watu wengine aliwachezea, nyani wa ukoo wa watu aliwagawa kama peremende, lakini wake alimwacha kwenye kamusi alale salama. Nilicheka peke yangu njiani. Nilijua nitamfanyia nini.

Siku ya kufunga shule wazazi walijaa uwanjani, na afisa wa elimu aliketi mbele karibu na mwalimu mkuu. Rono alikuwa ametuandaa wiki mbili. Kila mmoja atataja mnyama wake na maana zake kwa Kiingereza, na mimi, niliyekuwa na sauti, nitawafasiria wazazi kwa Kikipsigis, ambacho siku hiyo tu kiliruhusiwa. Tulikwenda vizuri. Wazazi walishangaa, wakapiga makofi, afisa akaandika kitu. Alipomaliza wa mwisho, sikuketi. Nilisema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayehubiri, kwamba Mwalimu amemsahau mnyama mmoja, fisi, nami namkumbusha. Nikasema Waingereza humwita fisi mtu anayecheka mwenzake akiwa na huzuni. Anayekula mkononi mwa mtu huku akimdharau. Asiye na haya, wala wazee wake hawakumfundisha haya. Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye kamusi yoyote. Niliyatunga kila usiku kwa wiki nzima na niliyajua kwa moyo.

Mzee mmoja safu ya pili alisimama, akachukua fimbo yake, akaondoka. Kisha wengine wanne, halafu mjomba wa Rono mwenyewe. Uwanja mzima ukajua ni kina nani. Rono aligeuka rangi. Nilimtazama machoni, na nilifurahi, furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa harusi wala kwa kazi. Nilichapwa, baba akaitwa, ikabidi aende kuomba radhi kwa wazee wa ukoo ule, akarudi hakunisemesha hadi Krismasi. Januari Rono alihamishwa. Wengine walisema ni uhamisho wa kawaida. Mimi nilisema nimemhamisha, na nimekuwa nikisema hivyo.

Ila kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mama ya Chepng'eno alikuwepo uwanjani siku ile. Kibet alikuwa amepata nambari mbili, akaja kumpigia makofi. Niliposema fisi, nilimwona. Alivuta leso akafunika mdomo, na hakuondoka na wazee wake. Alibaki ameketi mpaka mwisho kwa sababu mtoto wake alikuwa bado hajaitwa. Ningependa kusema kwamba nilimsahau. Sikumsahau. Nilimwona hata kabla sijafungua mdomo, nikasema vile vile. Nadhani nilikuwa na hasira naye pia, kwa vile viatu alivyovua.

Sasa turudi chini ya hema. Rono alirudi kwenye kiti chake, nami nikaenda kuchukua kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri kuhusu kwaya. Niliyaacha mfukoni. Nilisema, kwa Kikipsigis ili wazee wasipitwe, kwamba ninajua kilichomtoa Chepng'eno shule, na kwamba aliyemtoa amekula kiapo cha kutokumbuka. Nikasimulia ubao, mlio, mlango, kibuyu. Nikasema alivyokunywa. Nikasema nilichokisikia kwenye chumba cha walimu, neno kwa neno, pamoja na kicheko. Rono alikuwa amekazia macho kofia yake, akiizungusha vidoleni, na nilipomaliza alisimama, akapita kati ya viti bila kusindikizwa na mtu, akaenda kwa gari lake kabla chakula hakijapakuliwa. Mtu wa umri ule, kuondoka kwenye mazishi bila kula, kila mtu anajua maana yake. Nilirudi kwenye kiti changu, nikajisemea: Chepng'eno, nimemaliza.

Msichana mmoja alikuja kunigusa bega. Kogo, bibi yao, ananiita jikoni. Nilifuata. Jiko lilikuwa lile lile, ingawa sasa lina bati badala ya nyasi, na ndani kulikuwa na moshi wa vyungu vikubwa na wanawake waliokuwa wakipakua wali. Mama ya Chepng'eno aliketi kwenye kigoda karibu na ukuta, mdogo sana, blanketi magotini. Aliwaambia wanawake watoke kidogo. Nilipiga magoti kumsalimia, nikidhani ananiita kunishukuru. Ndiyo, nilidhani hivyo.

"Kwa hiyo alicheka," alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

"Miaka yote hii, nilipokuwa nikimtaja yule mwalimu, mtoto wangu alikuwa anasema, ndiyo mama, alikuwa mwalimu mzuri. Aliniambia alichoka na vitabu. Nilimwita mvivu. Hata mbele ya wakwe zake nilimwita hivyo, na yeye anacheka." Alivuta blanketi. "Alikuwa ananificha. Umeniambia wewe leo, na yeye yuko kwenye sanduku, siwezi kumwita aje nimwombe msamaha."

"Mama, nilitaka yule mtu..."

"Najua ulichotaka. Ile ya fisi niliisikia pia. Nilisema ni mtoto huyu, ana uchungu wa rafiki yake, nikaiacha pale pale uwanjani." Alinitazama, si kwa ukali, afadhali ingekuwa kwa ukali. "Leo wewe si mtoto, Chebet."

Nilitafuta neno la Kikipsigis, la Kiswahili, hata la Kiingereza ambacho nimekifundisha miaka ishirini. Nje walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kumshusha kaburini. Yule mama alinyoosha mkono ukutani nyuma yake akaangua kibuyu, akakifuta shingo kwa kiganja, shanga zilikuwa zimebaki chache. Alikuwa ametia maziwa siku nne kabla ya kifo, alisema, akijua Chepng'eno angekuja Jumapili kumwona. Akakifungua, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa," alisema.

Nikasimama, nikapokea, nikanywa yote.